Kusomea Mawasiliano ya Afya: Kazi Inayoanza na Sikio

KIPINDI CHA AFYA NA ELIMU
Hati ya kusomwa hewani na kugawiwa vikundi vya usikilizaji

(MUZIKI WA UFUNGUZI, SEKUNDE 20, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Mama zetu mlio jikoni, baba zetu, na ninyi vijana mnaosikiliza kwa simu mkiwa kwenye foleni ya maji, leo mada inawahusu.

Kuna swali tunaulizwa sana na waliomaliza sekondari. Wanasema: "Napenda kazi za afya, lakini udaktari ni miaka mingi na ada yake sina. Je, kuna mlango mwingine?" Mlango upo. Unaitwa afya ya umma, na ndani yake kuna chumba kinachoitwa mawasiliano ya afya. Leo tutaeleza ni masomo gani, yanafundisha nini, na mtu aliye kambini anaweza kuyafikia vipi.

Tuanze na maana. Daktari au nesi anamhudumia mgonjwa mmoja aliye mbele yake. Mtu wa afya ya umma anaangalia mtaa mzima. Watoto wengi wa blok moja wakiharisha ndani ya wiki moja, yeye anauliza: wanachota maji wapi? Choo kiko umbali gani na bomba? Kwa nini blok ya pili hawaugui? Kazi yake ni kuzuia ugonjwa kabla haujafika hospitali. Hapo ndipo unakuta chanjo, vyandarua, maji safi, vyoo na lishe.

Sasa mawasiliano ya afya ni nini? Wengi wanadhani ni kubeba kipaza sauti na kupita mitaani ukisema "Naweni mikono!" Hiyo ni sehemu ndogo tu. Masomo haya yanahusu jinsi habari za afya zinavyotembea kati ya wananchi na watoa huduma, kwenda na kurudi. Na kile kinachorudi kutoka kwa wananchi ndicho kinachosahauliwa mara nyingi. Tutaona kwa mifano kwamba kikisahauliwa, watu wanakufa.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Somo la kwanza utakalolikuta chuoni ni epidemiolojia. Neno ni refu, maana yake ni fupi: kuchunguza ni nani anaugua, wapi, lini, na kwa nini. Somo hili huenda pamoja na takwimu, kwa hiyo hesabu hutazikimbia.

Wasikilizaji wetu Warundi wengi wanakikumbuka Kagunga. Mwezi wa tano mwaka 2015, maelfu na maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijikuta kwenye kijiji hicho kidogo mkoani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyuma kuna mlima mkali, mbele kuna maji. Barabara ya gari haikuwepo. Meli ya zamani, MV Liemba, ilikuwa ikisimama mbali kidogo na ufuko, na watu wakipelekwa kwake kwa mitumbwi ili wafike Kigoma mjini. Kipindupindu kiliingia hapo, kile ambacho sisi tuliotoka Kongo tunakiita kolera. Maelfu waliugua, na wapo waliopoteza maisha.

Fikiria sasa wewe ndiye ofisa wa mawasiliano uliyetumwa pale. Utawaambia nini watu? "Tumia choo." Choo kipi, wakati watu ni wengi mara nyingi kuliko vyoo? "Chemsha maji." Kuni ziko wapi, na sufuria ilibaki nyumbani? Hapa mwanafunzi anajifunza jambo la kwanza kubwa: ujumbe usio na njia ya kuutekeleza ni kumlaumu mtu kwa shida ambayo hakuileta yeye. Mtaalamu mzuri anaangalia kwanza kama kitu anachokisema kinawezekana. Kama hakiwezekani, kazi yake ya kwanza ni kurudi kwa wakubwa na kuwaambia: leteni klorini, leteni vyoo, ongezeni boti, kisha nitazungumza na watu.

Somo la pili ni la tabia za watu na mazingira yao. Linauliza kwa nini mtu anajua jambo lakini halifanyi. Mama anajua kabisa kwamba mtoto anatakiwa kulala ndani ya neti. Lakini neti ni moja, watoto ni watano, na joto la kibanda chenye paa la turubai unalijua. Ukimhubiria tena faida za neti, umepoteza muda wake na wako. Ukimuuliza wanalala vipi usiku, labda mtapata njia pamoja.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Somo la tatu ni la kusikiliza jamii, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu lilitugusa.

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Mlipuko ule ulienea hadi Ituri, ukaisha rasmi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287. Safari hii chanjo ilikuwepo. Madaktari walikuwepo na magari yalikuwepo. Kwa nini basi ilichukua karibu miaka miwili?

Mwezi wa tisa mwaka huohuo 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Karibu robo yao walisema hawaamini kwamba Ebola ipo. Wale ambao hawakuwa na imani na viongozi ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo.

Mtu wa mbali angesema haraka: "Watu wale ni wajinga, wanahitaji kuelimishwa." Lakini aliyekaa Beni anajua zaidi. Kwa miaka mingi watu waliuawa kwa mapanga na kwa risasi, na hawakuona dunia ikija mbio. Ghafla Ebola ikaingia, na magari meupe yakajaa mjini. Mwezi wa kumi na mbili Beni na Butembo wakaambiwa hawatapiga kura ya rais pamoja na wenzao, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Ebola. Wakati huohuo surua ilikuwa ikiua watoto. Mlipuko wa surua ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi kuliko Ebola yenyewe, lakini haukupata kelele ile. Ukiyaweka haya pamoja, utaona kwamba uvumi ulikuwa na mizizi. Watu walikuwa wanauliza swali la haki: mbona mnajali ugonjwa huu tu, na siyo maisha yetu?

Kulikuwa na uvumi mwingine kuhusu maiti. Timu za mazishi zilikuja na nguo za kujikinga, zikaweka marehemu kwenye mfuko, zikaufunga, na familia haikuona tena uso wa mpendwa wao. Watu wakaanza kusema mifuko imejazwa mawe, au viungo vimeibwa. Njia ya zamani ingekuwa kutoa tangazo redioni: "Uvumi huo ni uongo." Shirika la Msalaba Mwekundu lilifanya kitu kingine. Wahamasishaji wake waliandika kila walichokisikia kwa watu, wakakipanga na kukipeleka kwa wanaotoa maamuzi. Ikaonekana kwamba familia zinaomba jambo moja la kawaida: kumwona mtu wao kabla ya kumzika. Ikaletwa mifuko inayoonyesha, ili uso uonekane bila kuguswa.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Watu hawakubadilishwa mawazo kwa maneno. Huduma ndiyo iliyobadilishwa, baada ya watu kusikilizwa. Ukisomea mawasiliano ya afya, utafundishwa kukaa na kikundi cha watu na kuuliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana, kuandika maneno yao kama walivyoyasema, kutunza siri zao, na kuyapeleka mahali yatakapofanyiwa kazi.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Somo la nne ni kuandaa ujumbe na kuujaribu. Hapa sisi wa kambini tuna utajiri, kwa sababu tunaishi na lugha nyingi.

Chukua neno "choo". Kwa Kiswahili sanifu, choo ni kile kibanda, na choo pia ni kile kinachotoka mwilini. Ukiandika kwenye bango "Usiache watoto waguse choo", mmoja ataelewa ukuta wa kibanda na mwingine ataelewa kinyesi. Chukua ugonjwa wa korona. Kwenye karatasi rasmi za Tanzania uliitwa UVIKO-19, lakini barabarani watu walisema korona tu. Au kipindupindu na kolera, kama tulivyokwisha kusema. Mtu aliyetoka Uvira jana anaweza kupita mbele ya bango zuri kabisa la kipindupindu asijue kwamba linasema juu ya kolera aliyoikimbia.

Kwa hiyo chuoni utafundishwa kujaribu ujumbe kabla ya kuuchapa. Unawaonyesha watu wachache mchoro au tangazo, kisha unawaomba wakueleze wao wanaona nini. Usiwaulize "Mmeelewa?", maana kwa heshima watajibu ndiyo. Waulize: "Ukirudi nyumbani utamwambia nini jirani?" Jibu hilo ndilo litakuonyesha kama ujumbe umefika.

Somo la tano ni njia za mawasiliano: redio, mikutano, nyumba kwa nyumba, maigizo, simu. Ukanda wetu una historia kubwa hapa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12, watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini, wakisikiliza kipindi cha redio na kusoma kijitabu pamoja. Walijifunza kuhusu malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara damu na kifua kikuu. Redio ilipozimwa, kikundi hakikutawanyika. Kilijadiliana: sisi hapa kwetu tutafanya nini wiki hii? Wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi.

Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwenye dakika zile baada ya redio. Sauti inayotoka hewani haishiki jembe. Ndiyo sababu na sisi hati hii tunaigawa kwa vikundi, na maswali tunayaweka mwishoni.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Somo la sita ni tathmini. Maana yake ni kuuliza: tulichofanya kimesaidia kweli, au tumejifurahisha?

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio ulioitwa "Twende na Wakati". Wazazi wetu wengine wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyeamua kusimama kwa miguu yake. Mchezo ulizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Lakini kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995. Kwa hiyo watafiti waliweza kulinganisha sehemu zilizousikia na sehemu ambayo haikuusikia. Waliona kwamba kule uliposikika, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi, katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na UKIMWI. Bila ulinganisho huo, mtu angeweza kusema watu wangebadilika tu wenyewe.

Mfano mwingine unatoka Bangladesh. Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake kupita nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Katika miaka kumi walifika kaya zaidi ya milioni 12. Kipimo kilikuwa mkononi: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, na konzi ya sukari guru. Mwalimu hakulipwa kwa kuhesabu nyumba alizopita. Mkaguzi alikuja baadaye, akamwomba mama aeleze na achanganye. Mama akiweza, mwalimu analipwa vizuri. Mama akiwa amesahau, malipo yanapungua.

Hata hivyo mwanzoni akina mama wengi walijua kuchanganya lakini hawakuwapa watoto. Shirika likatuma watu kusikiliza. Waligundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuyaamini yale maji. Wakiharisha wao walitafuta dawa nyingine. Tena waume hawakuambiwa chochote, wakaona jambo hili limepita nyuma ya mgongo wao. Walimu wakafundishwa upya hadi wakaamini, na wanaume wakafuatwa msikitini na sokoni. Matumizi yakapanda.

Na kwa kuwa tumeyataja, tukumbushane kipimo tunachotumia sisi: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Pakiti ya ORS ikipatikana, tumia hiyo. Mtoto akilegea, macho yakiingia ndani au akishindwa kunywa, usisubiri, mpeleke kituo cha afya.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye njia. Kijana mwenzangu, ukitaka kusomea haya, uanzie wapi?

Kwanza, vyeti. Kama ulisoma Kongo au Burundi, cheti chako kiko kwa Kifaransa. Kitahitaji kutafsiriwa na kulinganishwa na mfumo wa nchi uliyopo. Tanzania kazi hiyo kwa sekondari inafanywa na NECTA, na Uganda inafanywa na UNEB. Anza mapema, maana inachukua muda. Kama cheti kilibaki vitani, zungumza na ofisi ya elimu ya kambi kabla ya kukata tamaa.

Pili, kozi. Chuo Kikuu cha Muhimbili jijini Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala vina shule za afya ya umma. Kinshasa nako ipo, kwa wanaofikiria kurudi siku moja. Kuna ngazi ya cheti, stashahada na shahada, na vyuo havifanani. Mara nyingi mawasiliano ya afya hufundishwa kama sehemu ya afya ya umma au elimu ya afya, siyo kozi yenye jina lake. Kozi nyingi za afya hudai ufaulu wa biolojia, kwa hiyo uliza sifa zinazotakiwa kabla ya kujaza fomu. Wengine huingia kwa mlango wa uandishi wa habari au ustawi wa jamii, kisha wakaegemea afya.

Tatu, ada. Ufadhili unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na unaosimamiwa na UNHCR. Nafasi ni chache na ushindani ni mkubwa, hilo tusifichane. Fuatilia matangazo kwenye mbao za ofisi. Na tafadhali sikiliza vizuri: huduma za UNHCR ni bure. Mtu akikuomba pesa ili akuingize kwenye orodha ya ufadhili, huyo ni tapeli. Toa taarifa. Kwa walio Tanzania, kumbukeni pia kibali cha kutoka kambini. Kiombwe mapema, siyo siku ya mwisho.

Nne, usisubiri chuo ndipo uanze. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba zetu wanafanya kazi hii tayari. Nafasi zikitangazwa, omba. Posho yake ni ndogo, wala hatutakudanganya kwamba shahada itakupa ajira mara moja. Mkimbizi bado anakutana na vizuizi vya kazi katika nchi nyingi. Lakini aliyezoea kukaa na watu, anayejua Kirundi, Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda, na anayeweza kuandika ripoti safi kwa Kiingereza au Kifaransa, ana kitu ambacho mgeni aliyekuja na ndege hawezi kujifunza kwa wiki mbili.

Tunasema haya kwa sababu tumeona upande wa pili. Ujumbe mwingi unaotufikia kambini umeandikwa mbali, na watu wasiojua tunapika na nini. Mlipuko ujao ukija, atakayesimama mbele ya watu wetu kuwaeleza anaweza kuwa mtu tunayemwamini, aliyesoma, na anayejua kuuliza kabla ya kusema. Anaweza kuwa wewe, au binti yako aliye kidato cha pili ambaye sasa hivi unamfikiria kumtoa shule.

Maswali kwa vikundi vya usikilizaji:

1. Taja ujumbe mmoja wa afya uliowahi kusikia hapa kambini ambao hukuweza kuutekeleza. Nini kilikosekana?
2. Kuna uvumi gani wa afya mtaani kwenu sasa? Nyuma ya uvumi huo kuna hofu gani au swali gani?
3. Mkiwa na habari ya kuwafikishia hospitali au viongozi, mnaipitisha kwa nani? Je, jibu hurudi?
4. Ni neno gani la afya ambalo Warundi, Wakongo na wenyeji wanalielewa tofauti?

Andikeni majibu yenu, mumpe mwakilishi wa kikundi, naye atayaleta kwetu. Tutayasoma katika kipindi kijacho bila kutaja jina la mtu, na yale yanayohitaji majibu ya wahudumu wa afya tutawapelekea, kisha tutawaambieni walichojibu.

Kwa leo muda wetu umeisha. Funikeni maji ya kunywa, na tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

(MUZIKI WA KUFUNGA)